Menyu ya DVD ya skrini pana kwenye TV ya chogo: maswali ninayoulizwa kila mara

Nashuti na kuhariri video za harusi, send-off na ubarikio. Siku hizi kazi nyingi naikabidhi kwenye flashi, lakini karibu kila familia huongeza ombi: "Na DVD chache za wazee." Hizo DVD za wazee ndizo zinazosumbua mafundi wengi, kwa sababu video imeshutiwa kwa umbo pana na TV inayoisubiri sebuleni ni ya mraba. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa na wenzangu wa kazi, pamoja na machache ya wateja.

Kwani bado kuna watu wenye TV za chogo?

Wapo, na ni wengi kuliko unavyodhani ukiwa mjini. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na wapo waliodhani huo ndio mwisho wa TV hizo. Watu hawakuzitupa. Walinunua king'amuzi, wakachomeka waya wa njano, mwekundu na mweupe, maisha yakaendelea. Deki ya DVD inatumia waya ule ule. Mama wa bibi harusi anayeishi kijijini ana haki ya kuiona harusi ya mwanawe vizuri sawa na kaka yake mwenye TV bapa ya inchi 55, na hiyo ndiyo sababu nahangaika na mambo haya.

16:9 na 4:3 zinatofautianaje ndani ya diski?

16:9 ni umbo pana, 4:3 ni lile la mraba la TV ya chogo. Kwa idadi ya pikseli, yaani nukta za picha, hazitofautiani kabisa, na watu wengi hukwama hapa. DVD ya mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, inahifadhi picha ya pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Iwe video ni pana au ya mraba, pikseli ni hizo hizo. Video pana inabanwa kwa upana ili iingie kwenye 720, halafu diski inabeba alama inayoiambia deki, "hii ni 16:9, ikifika kwenye TV itanue."

Deki ikiwa imeunganishwa na TV pana, inatoa picha ilivyo na TV inaitanua. Ikiwa na TV ya chogo, deki inaipunguza picha urefu hadi mistari 432, kisha inaweka mkanda mweusi wa mistari 72 juu na mwingine wa 72 chini. Namba hizo mbili, 432 na 72, zikariri. Tutazihitaji sasa hivi.

Menyu yangu iko safi kwenye kompyuta. Kwenye TV ya chogo mwanga wa kitufe haukai kwenye kitufe. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike yote haya, kwa hiyo nivumilie nilieleze taratibu.

Menyu ya DVD ni vitu viwili vilivyolaliana. Chini kuna picha: mandhari, majina ya maharusi, maandishi ya vitufe. Juu yake kuna tabaka jembamba la rangi, ndilo linalowaka kwenye kitufe ulichokifikia kwa rimoti. Kwenye macho ya mtazamaji ni kitu kimoja. Kwa deki ni vitu viwili tofauti kabisa: deki inapoipunguza picha pana ili iingie kwenye TV ya chogo, inapunguza picha tu. Lile tabaka la rangi hailigusi. Linachorwa baadaye, juu ya skrini nzima, mahali pale pale ulipolipanga ukiwa kwenye kompyuta.

Tuchukue menyu yenye vitufe sita vilivyopangwa wima: Kupamba bibi harusi, Kanisani, Ukumbini, Keki, Zawadi, Shukrani. Tuseme katikati ya kila kitufe, ukihesabu mistari kutoka juu, ni 140, 200, 260, 320, 380 na 440. Kwenye TV ya chogo kila mstari unahamia sehemu mpya kwa hesabu hii: zidisha kwa 0.75, kisha ongeza 72. Vitufe vyako sasa vimehamia 177, 222, 267, 312, 357 na 402. Mwanga umebaki kwenye namba za zamani.

Angalia kinachotokea kwa "Zawadi". Maandishi yake sasa yako 357, mwanga wake uko 380, na "Shukrani" iko 402. Mwanga umetua katikati kabisa ya vitufe viwili. Nililiona hili kwa macho yangu nilipopeleka diski nyumbani kwa wazazi wa bwana harusi, Muheza. Baba alishika rimoti, akashuka hadi chini, akasimama. Mstari wa dhahabu ulikuwa unawaka kwenye nafasi tupu. Akanigeukia akauliza kwa upole, "Mwanangu, hapa nimechagua nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilirudi na diski zote na kuzitengeneza upya.

Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuitambua. Vitufe vya katikati ya skrini mwanga wake unakaa karibu sawa, kwa sababu kwenye mstari wa 288 hakuna kinachohama. Vya juu mwanga unakuwa juu ya kitufe, vya chini unakuwa chini ya kitufe, na kadiri unavyoenda mbali na katikati ndivyo pengo linavyokua. Ukiona hivyo usihangaike kusogeza vitufe kimoja kimoja. Na usitegemee kompyuta ikuonyeshe kosa: programu ya kuchezea video kwenye kompyuta inafungua menyu kwa umbo pana, kwa hiyo kila kitu kitakaa sawa hapo hadi siku ya aibu.

Njia nyepesi ya kulitatua ni ipi?

Tengeneza menyu ya 4:3 na uache filamu yenyewe iwe 16:9. DVD inaruhusu. Menyu kuu ya diski na filamu zinahifadhiwa sehemu tofauti, na kila sehemu inabeba alama yake ya umbo. Kisichoruhusiwa ni kuchanganya menyu za 4:3 na za 16:9 ndani ya sehemu moja ya menyu, au filamu za maumbo mawili ndani ya kundi moja la faili, mfano zile zinazoanza na VTS_01. Ukiwa na video ya zamani ya mraba, labda ya ndoa ya wazazi iliyotolewa kwenye kanda ya VHS, iweke kwenye kundi lake, VTS_02.

Menyu ya 4:3 haipunguzwi na deki kwenye TV ya chogo, hivyo picha na mwanga havitengani. Kwenye TV pana itaonekana na nafasi nyeusi kushoto na kulia, au TV itaivuta na sura zitanenepa kidogo. Lakini zikivutwa zinavutwa pamoja na mwanga. Kila kitufe kitajulikana, na kwangu hilo linatangulia urembo.

Nataka video ya skrini pana icheze nyuma ya menyu ya 4:3. Inawezekana?

Inawezekana, na inapendeza ukiipanga vizuri. Fungua ukurasa wa pikseli 768 kwa 576, weka video yako kwa ukubwa wa 768 kwa 432. Inabaki mistari 144 mitupu. Wengi huigawa nusu kwa nusu, 72 juu na 72 chini, halafu wanabana vitufe kwenye ule mkanda wa chini. Havikai. Mistari 58 ya chini kabisa si mahali salama pa maandishi, nitaeleza mbele kidogo, kwa hiyo unabakiwa na mistari 14, ambayo haitoshi hata neno moja linalosomeka.

Mimi naisukuma video hadi juu kabisa, mistari yote 144 inakuwa chini ya picha. Ukitoa 58 zinabaki 86, na hapo safu mbili za vitufe zinakaa kwa raha. Chagua tu kipande cha video ambacho juu kina dari ya ukumbi au mapambo, maana TV ya chogo inameza kingo. Usiweke pale kichwa cha bwana harusi.

Mteja wangu anasisitiza menyu iwe pana. Nifanyeje mwanga ukae sawa kote?

Hapo inabidi utengeneze matabaka mawili ya mwanga: moja la TV pana, jingine la TV ya chogo. Kiwango cha DVD kiliruhusu hili tangu mwanzo. Deki yenyewe inachagua tabaka kulingana na ilivyopangwa.

Kwa anayetumia dvdauthor, programu ya kutengeneza DVD kwa amri za kuandika, ndani ya sehemu ya menyu unaandika hivi:

`<video format="pal" aspect="16:9" widescreen="nopanscan" />`
`<subpicture>`
`<stream id="0" mode="widescreen" />`
`<stream id="1" mode="letterbox" />`
`</subpicture>`

Kisha unapitisha menyu mara mbili kwenye spumux, programu mwenzake inayobandika tabaka la mwanga juu ya menyu, ya kwanza kwa `-s 0` na picha za mwanga za umbo pana, ya pili kwa `-s 1` na picha za mwanga zilizohamishwa kwa ile hesabu yetu ya 0.75 na 72. Upande wa kushoto na kulia hakuna kinachobadilika, ni juu na chini tu. Majina ya vitufe yawe yale yale kwenye faili zote mbili, na mistari ya kuanzia na kuishia ya kila kitufe iwe namba shufwa. Ukipata 357, andika 356 au 358.

Neno `nopanscan` usilisahau. Linaikataza deki kukata picha pembeni ili kuijaza skrini ya mraba. Ikikata, inaondoa pikseli 90 kushoto na 90 kulia kati ya zile 720, na kama vitufe vyako viko pembeni vimekwenda navyo.

Kwa anayetumia programu yenye vitufe vya kubofya, kama DVDStyler, utaulizwa umbo unapofungua mradi mpya. Jibu la hapo lisikutoshe. Choma diski moja, uione kwenye chogo, kisha uamini.

Vitufe viwe vingapi?

Menyu ya 4:3 inaruhusu hadi 36 kwenye ukurasa mmoja. Menyu pana yenye matabaka mawili inaruhusu 18, na ukiongeza tabaka la tatu la picha iliyokatwa pembeni unabaki na 12, kwa kuwa nafasi ni zile zile 36 zinagawanywa. Kwa harusi, sita au saba vinatosha. Mzee wa miaka sabini hapaswi kubonyeza rimoti mara kumi na tano kuifikia keki.

Pete niliyochora kwenye menyu imekuwa kama yai. Kwa nini?

Kwa sababu pikseli za DVD si za mraba, na za kompyuta yako ni za mraba. Ukichora moja kwa moja kwenye ukurasa wa 720 kwa 576, duara lako litavutika likifika kwenye TV. Chora menyu ya 16:9 kwenye ukurasa wa 1024 kwa 576, au ya 4:3 kwenye 768 kwa 576, ukimaliza ndipo uipunguze iwe 720 kwa 576. Kwenye kompyuta itaonekana imebanwa. Iache hivyo hivyo.

Kwa kweli napenda kuweka pete kwenye menyu kwa sababu hii. Jicho la mtu haligundui haraka kwamba sura ya shangazi imenenepa kwa sehemu ndogo, ila pete isiyo duara linaiona papo hapo. Ukiona pete iko duara, na sura zote ziko sawa.

Maandishi yangu yanacheza-cheza na yale mekundu yanavuja. Tatizo ni TV?

TV ina sehemu yake, lakini kazi ya kuizoea ni yetu. TV ya chogo inachora mistari nusu kwa nusu, kwanza isiyo shufwa halafu iliyo shufwa. Mstari wenye unene wa pikseli moja unaonekana kwenye zamu moja na kupotea kwenye nyingine, ndiyo maana unacheza. Mistari ya mapambo iwe na unene wa pikseli tatu. Zile fonti za mwandiko wenye mikia myembamba, ambazo maharusi wanazipenda kwenye kadi, zikuze sana au ziache kwa majina mawili tu. Kumbuka pia kwamba menyu pana inapopunguzwa kwenye chogo maandishi yanabaki robo tatu ya kimo chake.

Kuhusu wekundu: DVD inahifadhi rangi kwa nusu ya undani wa mwanga na giza, kwa upana na kwa urefu. Waya wa njano nao unaongeza ukungu wake. Nyekundu kali juu ya nyeusi ndiyo inayoumia zaidi, na harusi zetu zinapenda nyekundu. Weka nyekundu kwenye kitambaa cha nyuma, maandishi yawe meupe au rangi ya maziwa. Nyeupe nayo isipite 235 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, vinginevyo inawaka mno.

Halafu kingo. TV za chogo zinameza sehemu ya picha pande zote. Kanuni ya zamani ya watangazaji ni kuacha asilimia 10 kila upande bila maandishi: pikseli 72 kushoto na kulia, mistari 58 juu na chini. Ifuate.

Kwa nini nisiweke mikanda myeusi mwenyewe kwenye filamu nzima, niiite 4:3, niepuke usumbufu wote?

Tafadhali usifanye hivyo. Picha yenyewe itabaki mistari 432 badala ya 576, umepoteza robo ya undani milele. Na yule kaka mwenye TV bapa ataiona harusi kwenye kidirisha kilichozungukwa na weusi pande zote nne. Acha filamu iwe 16:9 kamili, mikanda aiweke deki pale inapohitajika. Amri ninayoitumia kwenye ffmpeg, programu ya kubadilisha video, ni hii:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 6500k dvd.mpg`

Kwa kiwango hicho cha 6500k, yaani kilobiti 6500 kwa sekunde, diski ya GB 4.7 inabeba kama saa moja na dakika 20 bila kubanana. Harusi ya saa mbili, shusha hadi 4500k. Usipande zaidi ya 8000k hata kama kiwango cha DVD kinaruhusu 9800k, kwa sababu deki za bei nafuu zinakwama kwenye diski za kuchoma nyumbani.

Mteja amepiga simu anasema watu wote wamekuwa wembamba na warefu.

Deki yake imepangwa kana kwamba TV ni pana. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya deki, atafute sehemu ya TV Display. Kwenye deki nyingi atakuta Normal/PS (inakata picha pembeni), Normal/LB (inaweka mikanda myeusi juu na chini) na Wide. Kwa TV ya chogo achague Normal/LB. Kwa TV bapa achague Wide. Mimi siku hizi naandika maelezo haya kwenye karatasi ndogo ndani ya jalada, kwa maandishi makubwa, maana anayepokea diski mara nyingi ni mjukuu wa darasa la tano na ndiye fundi wa nyumba.

Nakala zinaenda kwa ndugu Marekani na Muscat. Diski moja inatosha?

Oman wanatumia PAL kama sisi, kwa hiyo ya Muscat haina shida. Marekani ni NTSC: pikseli 720 kwa 480, fremu 29.97 kwa sekunde. Deki nyingi za huku zinasoma zote mbili, za kule nyingi hazikubali PAL. Tengeneza diski ya pili. Mikanda kwenye NTSC ni mistari 60 juu na 60 chini, kwa hiyo hesabu ya mwanga inakuwa zidisha kwa 0.75, ongeza 60. Ukurasa wa kuchorea menyu pana uwe 854 kwa 480. Masuala ya kanda za dunia, ile kufuli inayozuia diski ya eneo moja kucheza kwenye deki ya eneo jingine, yasikutishe, diski unayochoma mwenyewe haina kufuli hiyo.

Nijaribu vipi kabla ya kukabidhi?

Nunua TV ya chogo. Kwa mafundi wa mtaani utaipata kwa bei ndogo sana, inchi 14 inatosha, pamoja na deki ya kawaida ile ile wanayoitumia wateja. Yangu iko pembeni ya meza ya kuhariria na haizimwi siku za kuchoma. Tumia diski ya kufutika ili usiharibu mpya.

Weka deki kwenye Normal/LB, tembea kwenye kila kitufe kwa mishale ya rimoti, juu hadi chini na kurudi. Badilisha hadi Wide, uunganishe na TV bapa, urudie. Rudi kwenye chogo, weka Normal/PS, uone kama deki inaitii ile `nopanscan`. Kisha keti kwenye kochi, umbali wa mita tatu, bila miwani kama unavaa, na usome vitufe kwa sauti. Kinachokusumbua kusoma ukiwa hapo, kikuze.